Sufuria Ndogo ya Mama Vero

Jani la liboke likishikwa na moto, kabla samaki aliyefungwa ndani yake hajaiva, hutoa harufu ya kitu kibichi kinachoungua, nusu tamu nusu chungu. Jirani yangu hapa mtaani Mangobo ameanza kuuza maboke kila Jumamosi mchana, na moshi wake unaruka ukuta na kuingia moja kwa moja chumbani kwangu. Wanangu wanasema tuna bahati kuwa na jirani kama huyo. Mimi nafunga dirisha. Wanasema mama amezeeka na amekuwa mtu wa kuchagua chagua, nami nawaacha waseme, kwa kuwa ni rahisi kuliko kuwaeleza. Leo nitawaeleza ninyi, msioijua nyumba yetu. Mnivumilie tu nikienda polepole.

Uhuru ulipofika nilikuwa na miaka sita. Mji wetu wa Kisangani wakati huo wakubwa waliuita Stan. Papa alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa barazani pa duka moja karibu na soko. Sisi ni Waislamu, wajukuu wa watu waliokuja na misafara ya biashara zamani sana, na mama alikuwa na sheria za chakula nyingi kuliko sheria za serikali zote mbili, ile iliyoondoka na ile iliyoingia. Mdogo wake mama, Tonton Ramazani, aliishi nasi. Alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, karani katika ofisi moja ya bandari. Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wake aliondoka haraka haraka akaacha kiti, na kile kiti kikampa Tonton mshahara wa maana, tai mbili, na hamu kubwa ya kujua watu wengine wanakula nini.

“Inchi iko yetu, Zaina,” aliniambia Jumapili moja, akifunga tai mbele ya kioo. “Donc hata meza ziko zetu. Twende tuone kule ndani banapikaka nini.”

Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakumkataza. Alisema tu, “Bon, uende. Lakini uende na mutoto. Na mukule samaki tu. Nyama ya inje hapana, haujui nani alichinja.”

Samaki, kama mjuavyo, hachinjwi. Ukimtoa majini ni halali, hata akivuliwa na nani. Kwa hiyo mimi na Tonton tuliuzunguka mji mzima kwa njia ya samaki.

Tulianza juu kabisa, kwenye hoteli ya kando ya mto, ambako zamani mtu mweusi aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amebeba kitu. Tulikaa uwanjani chini ya mwavuli, mimi miguu ikining'inia. Mhudumu alikuwa mtu wa mtaa wetu, na alijitia hatujui kabisa. Tonton akafungua orodha ya vyakula, akaanza kunong'ona: hii ni nguruwe, hii sijui nani alichinja, hii ina divai, hii siijui ni nini na afadhali tusijue. Mwisho tukala dagaa za mkebe, zimepangwa vizuri juu ya jani la saladi, tukanywa grenadini. Nilidhani nimeingia peponi. Tonton alitazama zile dagaa, akatazama mkebe zilimotoka nyuma ya kaunta, akacheka mpaka machozi.

Baada ya hapo tulishuka ngazi kwa ngazi. Mgriki mmoja alikuwa na duka la mikate lenye ubaridi mtamu na kremu ya barafu iliyoniumiza meno. Mama mmoja sokoni alikaanga mikate ya mviringo, na ukimwamkia vizuri alikuongezea mmoja. Ng'ambo ya mto, tulikofika kwa mtumbwi, kulikuwa na bibi aliyetwanga lituma ya ndizi laini kama mto wa kulalia. Pale bandarini, akina mama wa Yanonge, kijiji cha chini ya mto, walioleta samaki wa moshi walimvunjia mtu kipande ale akiwa amesimama. Ukiacha hao wa kula umesimama, niliyaweka yote kwenye vidole vyangu vya mkono wa kulia. Hoteli ilikuwa kidole kidogo, Mgriki wa pete, na kuendelea hivyo, na usiku nilijihesabia kabla ya kulala. Kidole gumba kilikuwa Mama Vero.

Mama Vero alikuwa Mugenya, Mkristo, na kibanda chake kilikuwa karibu na maporomoko, pale ambapo watu wake wamesimika miti katikati ya maji yanayonguruma na kuning'iniza migono, ile mitego mikubwa ya fito. Tulimwita Mama kwa sababu alikuwa na jiko, si kwa sababu ya umri. Nadhani hakuwa amefika miaka ishirini na mitano. Alikuwa na benchi mbili, paa la nyasi, na sufuria kubwa nyeusi ambamo aliipika kila nyama aliyojaliwa: nungu, tumbili, nguruwe mwitu. Mara ya kwanza Tonton alisimama nje akiitazama ile sufuria, akashindwa afanyeje. Mama Vero akaona. Hakuuliza kitu. Akamfunga samaki kwenye jani jipya, akamweka juu ya makaa peke yake, mbali.

Jumapili iliyofuata tulikuta sufuria ndogo mpya, yenye mfuniko, imening'inizwa juu kwenye boriti ili mkono wa mtu usiifikie. Pamoja nayo kulikuwa na sahani ya bati yenye maua ya buluu.

“Iyi haiguse nyama ya pori hata siku moja,” alisema, akiishusha. “Iko ya samaki yenu tu. Na sahani iko ya huyu monsieur. Mutu mwingine hakulake ndani.”

“Na miye?” nikauliza.

“Weye unakula kwa jani, sawa watu ya heshima.”

Tangu siku hiyo, popote tulikoanzia, tulimalizia kwa Mama Vero. Tukienda kwa Mgriki, Tonton alisema bado ana njaa kidogo. Tukivuka mto kula lituma, alisema haiwezi kuliwa bila mchuzi wa pale maporomokoni. Mimi nilipewa kichwa cha samaki, kipande chenye kazi nyingi kuliko vyote, na nikatumwa kukaa juu ya jiwe kutazama wavuvi wakipanda miti yao. Nilichokonoa kile kichwa mpaka mfupa wa mwisho. Nikirudi nilikuta chai ya Tonton imepoa hajaigusa.

Miaka minne ilipita hivyo. Kisha waasi wakaingia mjini.

Sitawasimulia vita. Waliokuwa wakubwa wameshaisimulia, na mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi aliyefungiwa ndani. Nilichojua ni kwamba tai mbili za Tonton zilichomwa jikoni, miwani yake ikazikwa chini ya mtungi, na asubuhi moja hakuwapo. Mtu aliyejua kuandika Kifaransa na aliyekalia kiti cha Mzungu alikuwa anatafutwa. Mama aliniambia Tonton amekwenda Yanonge kwa rafiki yake, nami niliamini, nikamwonea wivu kwa wale samaki wa moshi.

Baada ya wiki kadhaa Papa alifungua tena cherehani yake, kwa kuwa waasi nao walitaka suruali. Alinichukua pamoja naye nipige pasi na niokote sindano. Siku moja mchana alikuja kijana mmoja, sidhani alikuwa zaidi ya miaka kumi na minane, amejifunga majani kifuani na ngozi ya mnyama kichwani. Alitoka mbali, hakuujua mji. Papa alimpima bila kumgusa, kwa sababu dawa ya kuzuia risasi waliyopakwa ilikuwa na miiko: asiguswe, asigeuke nyuma vitani, na huyu alisema dawa yake inamkataza kula chakula cha sufuria inayopikia kila mtu. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni. Alisema hivyo kwa aibu, kama mtoto.

“Papa fundi, hapa kwenu nani anapikaka na sufuria ya pembeni?”

“Miye niko fundi tu,” Papa akajibu, macho kwenye kitambaa. “Nakulaka kwangu.”

Na hapo mimi, niliyekuwa na mji mzima kwenye vidole vyangu na miezi mingi bila mtu wa kumwonyesha, nikafungua mdomo.

“Miye najua! Iko mahali banapika na sufuria ya pembeni. Kabisa ya pembeni!”

Mkasi wa Papa ulisimama. Kijana alinitazama kwa furaha ya kweli. Papa hakuweza kusema hapana mbele ya yule mtu na bunduki yake. Aliniambia tu, kwa sauti nyembamba, “Umuonyeshe, urudi mbio.” Hakuniuliza ni wapi. Najua sasa kwamba hakutaka kusikia jina la mtu yeyote likitajwa pale.

Tulitembea kama saa nzima. Nilitangulia hatua tatu ili nisimguse, na njia nzima nilizungumza. Nilimwambia juu ya kremu ya barafu, lituma, mikate ya mviringo. Hakuwahi kusikia juu ya kremu ya barafu. Aliniuliza inakaaje bila kuyeyuka, nikamweleza kwa majivuno kana kwamba mashine ile niliitengeneza mimi. Lazima niseme ukweli: nilifurahi. Ile ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote tangu waasi waingie, nami nimeishi na furaha ile miaka sitini.

Mama Vero alipotuona alisimama ghafla, akafuta mikono kwenye kitenge. Akamwambia kijana kuna nyama kwenye sufuria kubwa, karibu. Kijana akakataa, akaeleza mwiko wake. Mimi nikanyoosha kidole kwenye boriti kuonyesha sufuria ndogo, na haikuwapo. Ilikuwa juu ya makaa, inachemka. Na juu ya benchi, imefunikwa nusu kwa jani, kulikuwa na sahani ya maua ya buluu, yenye miiba ya samaki iliyosafishwa vizuri na kupangwa ukingoni. Tonton peke yake ndiye aliyepanga miiba namna ile.

“Nani alikula hapa?” kijana akauliza.

“Ni miye,” Mama Vero akasema.

Kilichonipata wakati ule nimekichunguza mara nyingi. Ilikuwa furaha kwamba Tonton amerudi. Lakini chini ya furaha kulikuwa na hasira: amerudi, amekuja kula kwenye kidole gumba chetu, na hakunichukua. Nilitaka kumshtaki kwa mtu yeyote.

“Uwongo!” nikasema nikicheka. “Weye haukulake kwa ile sahani. Iko ya Tonton Ramazani! Alikuja kukula bila miye!”

Mama Vero hakunitazama. Alitazama maji. Kijana akaniuliza taratibu, kama anavyoulizwa mtoto jina lake, “Tonton yako anatumikaka kazi gani?”

“Karani,” nikamjibu. “Anasema Kifaransa kupita Wazungu.”

Kijana akakaa. Alikula samaki wote wa sufuria ndogo, kwa adabu, kidogo kidogo, kwa sababu alikuwa na njaa kweli. Kisha akanawa, akaniambia nirudi kwa papa yangu. Mama Vero ndipo aliposema nami, sauti yake kavu: “Kimbia. Usisimame kwa njia.” Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia filimbi, kisha miguu ya watu wengi ikishuka kuelekea vibanda vya kuhifadhia migono. Nilijua. Watu wakiniambia mtoto wa miaka kumi hawezi kujua, nawashukuru kwa wema wao, lakini mimi nilikuwepo. Nilijua, na sikugeuka.

Habari zilifika nyumbani kabla ya magharibi. Tonton hakuwa amekwenda Yanonge hata siku moja. Alikuwa amefichwa pale maporomokoni, nyuma ya mitego, na sasa amechukuliwa. Mama alijitupa chini. Papa alinivuta uani, akachuchumaa mbele yangu.

“Ulimupeleka wapi ule mutoto wa bunduki?”

“Kwa mama wa mikate,” nikasema. “Kule soko.”

Alinishika mabega muda mrefu. Sijui aliamini au alitaka kuamini. Ndani, mama alikuwa amekwisha kumpata mwenye kosa. “Ni ule mwanamuke,” alilia. “Alimuuzisha. Yeye balimuacha. Mugenya alimuuzisha mudogo wangu!” Nilikaa kwenye ngazi nikisikia, na sikusema neno.

Tonton alirudi baada ya waasi kuondolewa, kwa miguu, amekonda hadi hatukumtambua. Walikuwa wamemvunja mkono wa kulia, ule wa kuandikia. Vidole vitatu havikukunjika tena. Ofisi ilimpa kazi ya kusimama mlangoni, na hilo alilivumilia. Lakini kwetu mtu hula kwa mkono wa kulia, na wa kushoto una kazi zake nyingine. Tonton hakuweza kumega lituma wala kuchambua samaki. Mama alimpa kijiko, akala kwa mkono wa kushoto chumbani kwake, mlango umefungwa. Hakula mbele za watu tena, hata arusini kwake. Maana mama alimtafutia mke upesi, binti wa Kiislamu, mpole, na yeye alikubali kama mtu anayekubali kuhama nyumba.

Mama Vero alikuja nyumbani kwetu mara moja tu. Ilikuwa mchana, amevaa kitenge kipya, ameshika liboke mikononi, jani limeungua pembeni, harufu imejaa ua mzima. Mama alimzuia pale pale mlangoni na kumwita maneno ambayo sitayaandika. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika nguo yake. Mama Vero aliyasikia yote. Kisha akanitazama. Alihitaji neno moja tu, jina langu tu, na angekuwa safi mbele ya kila mtu. Nililisubiri. Aliliweka liboke chini kwenye kizingiti, akaenda zake. Tonton alikuwa chumbani. Dirisha lake, lililokuwa wazi, nililisikia likifungwa.

Mama alilitupa lile liboke shimoni.

Nilipokuwa msichana mkubwa, na mtu mmoja alipoanza kupita pita mbele ya nyumba yetu, ndipo nilipoelewa chai iliyopoa, kichwa cha samaki chenye kazi nyingi, na lile jiwe la kutazamia wavuvi. Nilielewa kwa nini mama alisema nenda na mtoto: alijua kijana mwenye mshahara hatafuti chakula tu, akanituma niwe mlinzi. Nilijidhani mwenzake Tonton katika safari za kutafuta vyakula vya mji, kumbe nilikuwa pazia lake. Mwanamke hanunui sufuria ili auze samaki mmoja kwa wiki. Mambo haya niliyajua kwa miaka na miaka, nikimpelekea Tonton chakula na kijiko chake, nikimwambia kila mara moyoni kwamba kesho nitasema. Alikuwa mpole nami sana. Siku moja, tayari ana mvi, aliniuliza, “Zaina, unakumbuka ile kremu ya Mugriki?” Nikamwambia nakumbuka. Alingoja kidogo, kana kwamba angetaja mahali pengine, kisha akainamia sahani yake.

Alifariki msimu wa mvua. Baada ya arobaini nilipiga moyo konde, nikapanda pikipiki, nikaenda maporomokoni. Nilidhani labda amekufa. Alikuwapo, amekaa kwenye benchi, wajukuu wanauza kwa niaba yake. Nilikaa chini mbele yake, nikamwambia Ramazani amefariki, na nikamwambia yote: ni mimi niliyemleta kijana, ni mimi niliyesema uongo, ni mimi niliyenyamaza mlangoni.

Alisikiliza mpaka mwisho.

“Ile yote nilikuwa najua,” alisema. “Nilikuwa pale, si ndiyo? Ulikuwa mutoto. Nikajiambia: atakomaa, atamuambia yeye mwenyewe.” Aliponda kipande cha jani kavu kati ya vidole. “Ulimuambia?”

“Hapana, mama.”

“Hata mwisho?”

“Hata mwisho.”

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu ya miaka na kuikuta imezidi. “Alors, alikufa akijua ni miye nilimuuzisha.”

Pale kwake hakuna mtu anayekaa bila kuulizwa kama amekula, na wajukuu wake walikuwa wakifunga maboke karibu yetu, moshi ukinijia usoni. Hakuniuliza. Nilipoinuka aliniambia bila kunitazama, “Ile neno ulileta leo, haikukuwa yangu. Ilikuwa yake.”

Ndiyo maana nafunga dirisha kila Jumamosi. Na sasa nimewaambia ninyi pia, ambao nanyi si yeye.